Rafiki Aliyevishwa Jezi

Msikilizaji wangu, nakuomba tuanzie mbali, kwenye baridi, kisha taratibu tutarudi nyumbani.

Jumapili ya tarehe 15 Desemba 2013, mjini Kyiv, maseneta wawili wa Marekani walipanda jukwaani katika uwanja wa Maidan. Mbele yao palijaa watu wa Ukraine waliokasirika kwa sababu serikali yao ilikuwa imeipa Ulaya kisogo na kugeukia Urusi. Seneta mmoja alikuwa John McCain wa Arizona, wa chama cha Republican. Wa pili Chris Murphy wa Connecticut, wa chama cha Democratic. Kwao hawa hawakupatana kuhusu kodi, hawakupatana kuhusu bima ya afya, wala kuhusu bunduki. Siku ile walisimama bega kwa bega na kuuambia umati ule kwamba Marekani iko pamoja nao. Aliyekuwa pale chini akitetemeka kwa baridi hakuwa na haja ya kuuliza yupi ni wa chama gani. Aliiona Marekani, basi.

Sasa ruka miaka kumi na mmoja. Tarehe 28 Februari 2025, Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine ameketi Ikulu ya Marekani, pembeni yake Rais Donald Trump, na makamu wa Trump, JD Vance, kwenye kochi kando yao. Kamera zinawaka. Maneno yanapanda, sauti zinapanda, na katikati ya ugomvi ule makamu wa rais anamtupia mgeni lawama ambayo mimi niliirudia kuisikiliza mara tatu: kwamba mwaka uliopita alikwenda Pennsylvania kuwapigia kampeni wapinzani wao. Zelensky aliondoka bila kutia saini mkataba wa madini uliompeleka. Siku tatu baadaye misaada ya silaha ikasimamishwa.

Ukraine ni ileile. Anayeivamia ni yuleyule. Hata Marekani yenyewe haikuhama mahali ilipo kwenye ramani. Kilichobadilika ni kwamba yule rafiki wa nchi alikuwa amevishwa jezi ya chama.

Nasema jezi kwa makusudi, maana sisi wa Tanzania hatuhitaji kufundishwa jezi inavyofanya kazi. Mtu mzima na akili zake, mwalimu, hakimu, mama anayesimamia kikoba cha mtaa mzima na hesabu zake hazipotei hata shilingi, siku ya Simba na Yanga mchezaji akianguka kwenye boksi haangalii mguu uliomgusa. Anaangalia kwanza rangi aliyovaa aliyeanguka. Rangi ikishajulikana, penalti imekwisha kuamuliwa kichwani kabla ya filimbi. Na ukimwuliza, atakuapia kwamba ameuona mguu. Hadanganyi. Kweli ameuona, kwa macho ambayo jezi imekwisha kuyaelekeza.

Zamani Wamarekani walikuwa na kanuni yao: kwamba ugomvi wa vyama uishie ufukweni, maji yanapoanza nchi iwe moja. Anayekumbukwa zaidi kwa kanuni hiyo ni Seneta Arthur Vandenberg wa Michigan. Kabla Pearl Harbor haijapigwa mwaka 1941 alikuwa miongoni mwa waliokataa kata kata Marekani kujiingiza katika vita vya wengine. Januari 1945 akasimama Seneti na kubadili msimamo hadharani. Mwaka 1947, akiwa Mrepublikani na mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alimsaidia Harry Truman, rais wa chama pinzani, kupata dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, na mwaka uliofuata ukapita Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya. Wote wawili walijua kwamba mwaka 1948 kuna uchaguzi wa rais.

Sitaki nikupambie, msikilizaji. Umoja ule haukuwa wa malaika. Ulisukumwa na hofu ya Wasovieti, na ndio uliowapeleka Vietnam: Agosti 1964, azimio lililomfungulia Rais Johnson mlango wa vita vile lilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti wakapinga wawili tu. Kukubaliana peke yake si ushahidi kwamba mmeamua vema. Ila faida moja ilikuwepo, na ndiyo ninayoililia leo: rafiki wa Marekani aliweza kulala akijua kwamba uchaguzi wa Novemba hautamfanya adui asubuhi yake.

Turudi Ukraine, maana hapa kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Urusi ilipoichukua Krimea, Machi 2014, rais wa Marekani alikuwa Barack Obama. Akakataa kuipa Ukraine silaha za kupigania. Alipeleka miwani ya kuonea usiku, magari, chakula cha askari, mablanketi. Waliomshambulia kwa sababu hiyo, wakimwita dhaifu mbele ya Moscow, walikuwa kwa sehemu kubwa Warepublikani, McCain akiwa mbele yao. Na aliyeidhinisha makombora ya Javelin ya kupigia vifaru, Desemba 2017, alikuwa Donald Trump. Kama ungemwambia mtu mwaka 2014 kwamba miaka kumi baadaye Warepublikani ndio watakaozuia silaha na Wademokrati ndio watakaobeba bendera ya bluu na njano, angekuona umechanganyikiwa.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba msimamo wa chama fulani kuhusu Ukraine unatokana na imani yake ya siku zote, namwomba aanze na mwaka ule.

Jezi ilianza kushonwa tarehe 25 Julai 2019, kwa simu. Zelensky, mwigizaji wa vichekesho aliyegeuka mwanasiasa, alikuwa na miezi miwili tu madarakani. Trump alimpigia na kumtaka achunguze habari za Joe Biden, ambaye angeweza kuwa mpinzani wake kwenye uchaguzi, na za Hunter, mtoto wa Biden, aliyewahi kukaa kwenye bodi ya kampuni ya gesi ya huko Ukraine. Wakati huohuo msaada wa kijeshi wa dola milioni 391, uliokwisha kupitishwa na Bunge, ulikuwa umezuiwa Washington. Habari zikavuja. Tarehe 18 Desemba mwaka ule Baraza la Wawakilishi likamfungulia Trump mashtaka ya kumwondoa, bila Mrepublikani hata mmoja kuunga mkono. Februari 2020 Seneti ikamwachilia, na katika chama chake alikuwa Mitt Romney peke yake aliyemtia hatiani.

Tafadhali jiweke kwenye viatu vya mpigakura wa kijijini Ohio au Tennessee anayempenda Trump. Huenda hakuwahi kuisikia Ukraine maishani mwake. Sasa imeingia sebuleni kwake kwa mara ya kwanza, kila jioni, kwa miezi mitano, na imeingia kama jina la balaa lililotaka kumng'oa rais wake. Kwa majirani zake Wademokrati imeingia kama jina la mnyonge aliyeonewa na rais wasiyemtaka. Hakuna kati yao aliyejadili mpaka, historia, wala Urusi. Zelensky mwenyewe, ninavyomwona mimi, alikuwa kama kijana wa dukani aliyejikuta katikati ya matajiri wawili wanaodaiana, kila mmoja akimtaka awe shahidi wake.

Vita kamili vilipoanza, tarehe 24 Februari 2022, kwa miezi michache ilionekana kama ile kanuni ya ufukweni imefufuka. Nancy Pelosi, Spika, Mdemokrati, alifika Kyiv mwishoni mwa Aprili. Haikupita hata nusu ya Mei, Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikani Seneti, naye akafika. Dola bilioni 40 zikapita Baraza la Wawakilishi kwa kura 368 kwa 57, na Seneti 86 kwa 11. Ila ukizikagua zile kura za hapana, 57 na 11, zote zilikuwa za chama kimoja. Ufa ulikuwepo, ila chokaa ilikuwa mbichi.

Ufa ule ulivyopanuka unaonekana katika tafiti za maoni za Pew. Machi 2022, katika kila Warepublikani mia moja, tisa tu walisema Marekani inatoa msaada kupita kiasi. Desemba 2023 walikuwa 48. Kwa Wademokrati, kutoka watano hadi 16. Vita ni vilevile, picha za televisheni ni zilezile, lakini mioyo ilichukua njia mbili.

Hapa lazima nitende haki. Yapo maswali ya kweli nyuma ya ile 48. Mtu ambaye kiwanda cha mji wake kilifungwa, akaona mabilioni yanavuka bahari, ana haki ya kuuliza. Vita visivyo na mwisho unaoonekana vina haki ya kuulizwa mwisho wake. Taifa lililotoka kushindwa Afghanistan baada ya miaka ishirini lina haki ya kusitasita. Na Wademokrati walikosea, tena sana, walipolifanya kila swali kuwa dalili ya kumpenda Putin. Bendera ya Ukraine ikatundikwa barazani pamoja na mabango ya uchaguzi, na mwenye shaka ya kawaida kabisa akipita akaona nyumba ile imekwisha kumwita msaliti. Ukimwita mtu hivyo mara tatu, ya nne hasikilizi hoja yako. Anakwenda kukaa na wanaomwita ndugu. Kwa hiyo jezi haikushonwa na mkono mmoja. Mmoja alikata kitambaa, mwingine akashikilia uzi.

Lakini maoni ya watu hayatoshi kueleza yaliyotokea bungeni. Kuna chombo kingine kinachofanya kazi, na sisi tunakijua vizuri: kura za maoni ndani ya chama, au mchujo kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Katika majimbo mengi ya uchaguzi ya Marekani mshindi wa Novemba anajulikana tangu Januari, kama ambavyo kuna majimbo hapa kwetu mgombea akishapitishwa na chama fulani anaanza kununua suti ya kuapishwa. Mbunge wa jimbo la namna hiyo hamwogopi mpinzani. Anamwogopa mwanachama mwenzake atakayemkuta kwenye kura za maoni, zinazopigwa na watu wachache na wenye hasira kuliko wote. Neno moja la mkubwa wa chama linatosha kummaliza. Basi anaweza kuwa anaamini moyoni kwamba Ukraine isaidiwe, akakwambia hivyo mkiwa wawili, kisha akaingia ukumbini na kubonyeza hapana. Mimi siwezi kumheshimu kwa hilo. Lakini naelewa anachokiogopa.

Na wakati wanaogopana hivyo, vita havisubiri. Septemba 2023 Bunge lilipitisha bajeti ya dharura ya siku 45 bila senti ya Ukraine. Siku chache baadaye, tarehe 3 Oktoba, Spika Kevin McCarthy aling'olewa na waasi wa chama chake mwenyewe wakiungana na Wademokrati, kura 216 kwa 210. Wiki tatu Baraza likakaa bila Spika. Biden, sasa rais, akaomba kama dola bilioni 106 kwa mkupuo: Ukraine, Israel, Taiwan, mpaka wa kusini. Warepublikani wakasema tulinde kwanza mpaka wetu na Mexico, hapo tutazungumza. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Watu walikuwa wanavuka kwa idadi kubwa mno, na miji ililemewa.

Wakateuliwa maseneta watatu kutafuta mapatano. Mmoja alikuwa James Lankford wa Oklahoma, Mrepublikani mpole, mtu wa kanisa. Wa pili Kyrsten Sinema wa Arizona. Wa tatu, ndiye huyohuyo Chris Murphy wa Maidan, sasa bila McCain, aliyefariki mwaka 2018. Walikaa miezi minne. Muswada wakautoa Jumapili ya tarehe 4 Februari 2024, nao uliwapa Warepublikani mengi ya yale waliyoyadai kwa miaka kuhusu mpaka. Trump, aliyekuwa mgombea, akaupinga. Jumatano yake ulikuwa umekufa. Lankford aliachwa amesimama karibu peke yake, akishambuliwa na wenzake waliomtuma.

Siku kumi baadaye, tarehe 17 Februari, mji wa Avdiivka mashariki mwa Ukraine ulianguka. Askari waliokuwa wanaulinda walikuwa wanagawiwa makombora ya mizinga kwa kuhesabu. Ikulu ya Marekani ilisema waziwazi kwamba upungufu ule ulitokana na Bunge kuchelewa. Sawa, Biden alikuwa na sababu yake ya kuwalaumu wapinzani, na mji hauanguki kwa sababu moja. Lakini mfikirie yule kijana wa mizinga. Kinachoamua kama leo anarusha makombora mawili au ishirini ni ugomvi kuhusu mto unaozitenga Texas na Mexico. Hajui Lankford ni nani. Hakuna kosa alilofanya ambalo akilirekebisha atapata risasi zaidi.

Fedha za Ukraine zilipita hatimaye katika Baraza la Wawakilishi tarehe 20 Aprili 2024, kura 311 kwa 112, miezi sita tangu ziombwe. Wademokrati wote waliopiga kura walisema ndiyo. Kwa Warepublikani, waliokataa walikuwa 112 na waliokubali 101. Maana yake Spika Mike Johnson, aliyekuwa na uwezo wa kuuzuia muswada ule usifike mezani, aliufikisha akijua kwamba wengi wa chama chake hawautaki, na kwamba hoja ya kumwondoa imeshaandikwa. Alisema mwanawe anakaribia kuingia chuo cha jeshi la majini, na kwamba yeye anaona heri kupeleka risasi Ukraine kuliko kuja kupeleka vijana wa Kimarekani. Mimi sikubaliani na Johnson katika mengi. Siku ile alivua jezi, na gharama aliijua.

Ungedhani baada ya hapo Waukraine wangekuwa waangalifu na kila hatua wanayopiga katika ardhi ya Marekani. Lakini tarehe 22 Septemba mwaka huohuo, wiki sita kabla ya uchaguzi, Zelensky alitembelea kiwanda cha makombora ya milimita 155 mjini Scranton, Pennsylvania. Alikwenda kuwashukuru wafanyakazi. Jambo jema, jambo la adabu. Ila Scranton ndiko alikozaliwa Biden, Pennsylvania lilikuwa jimbo lililogombaniwa kuliko yote, na aliofuatana nao, akiwemo Gavana Josh Shapiro, walikuwa wa chama kimoja. Siku hizohizo lilitoka jarida moja ambamo alikuwa amemkosoa Vance, mgombea mwenza wa Trump. Johnson huyuhuyu, aliyehatarisha kiti chake mwezi Aprili, akaandika barua kudai balozi wa Ukraine afukuzwe kazi.

Nyumbani tulifunzwa: ukifikia nyumba yenye ndugu waliokosana, bisha hodi milango yote miwili. Chakula ukila kwa huyu, kahawa kanywe kwa yule, na watoto wa wote wawili uwape zawadi sawa. Si unafiki. Ni kujua kwamba ugomvi wao ulikuwepo kabla yako na utabaki baada yako, na wewe unahitaji pa kulala. Zelensky aliuacha mlango mmoja bila hodi. Nakiri ni rahisi kwangu kusema haya nikiwa kwenye studio yenye kiyoyozi, na yeye anazika watu kila siku.

Yeye angalau alisukumwa. Wapo wanaoingia kwenye jezi kwa miguu yao. Machi 2015, Benjamin Netanyahu wa Israel alihutubia Bunge la Marekani kwa mwaliko wa Spika John Boehner, Mrepublikani, mwaliko ambao Ikulu ya Obama haikushirikishwa, kwenda kupinga mazungumzo ambayo Obama mwenyewe alikuwa anayaendesha na Iran. Wiki mbili baadaye Israel ilikuwa na uchaguzi wake. Wademokrati zaidi ya hamsini hawakuhudhuria. Kumbuka Israel ilikuwa rafiki wa vyama vyote viwili kiasi kwamba kuikosoa kulimgharimu mtu wa chama chochote. Truman, Mdemokrati, aliitambua dakika chache baada ya kutangazwa mwaka 1948. Eisenhower, Mrepublikani, aliibana mwaka 1957 mpaka ikatoka Sinai. Chama hakikukutabiria msimamo. Kufikia Februari 2023, miezi minane kabla ya vita vya Gaza, Gallup ikakuta kwa mara ya kwanza Wademokrati wengi zaidi wanawahurumia Wapalestina kuliko Waisraeli, 49 kwa 38 katika kila mia, na kwa Warepublikani ni kinyume kwa mbali sana. Baada ya vita hivyo kuanza Oktoba, na maelfu kwa maelfu ya Wapalestina kuuawa, mtengano ukazidi.

Watu wengine husema afadhali, angalau sasa Wapalestina wana wa kuwasemea Washington. Mimi naogopa. Mtoto wa Gaza kuhurumiwa kwa sababu chama cha pili hakimhurumii ni huruma inayoweza kuondoka uchaguzi ukipita. Anastahili kutazamwa yeye.

Na sisi? Mei 2024 Rais William Ruto alipokewa Washington kwa heshima zote za ziara ya kitaifa. Viongozi wa kamati ya mambo ya nje ya Baraza la Wawakilishi, wa vyama vyote viwili, waliomba Spika amwalike ahutubie Bunge. Halikufanyika, sababu iliyotolewa ilikuwa ratiba. Mwezi uliofuata Biden akaipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu nje ya NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara, na siku moja baadaye, tarehe 25 Juni, siku ileile vijana waandamanaji walipoingia kwa nguvu katika Bunge la Nairobi, polisi wa kwanza wa Kenya wakatua Port-au-Prince, Haiti, kupambana na magenge. Kikosi hicho cha kimataifa kilipangwa kuwa cha watu 2,500. Hakikufika hata nusu, na huku Washington Warepublikani wawili waandamizi walikuwa wameshikilia sehemu ya fedha zake wakidai maelezo. Baadhi ya askari wale hawakurudi kwao wakiwa hai. Nani kati yetu alijua kwamba mtoto wa Kericho au wa Kitui anaweza kubebwa ndani ya ugomvi wa Democrat na Republican?

Lakini lililonigusa zaidi liko karibu kuliko Haiti. Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa dola bilioni 15 wa kupambana na UKIMWI, ule tunaouita PEPFAR. Bungeni waliousukuma pamoja ni pamoja na Henry Hyde wa Illinois, Mrepublikani ambaye jina lake limebandikwa kwenye sheria ya kuzuia fedha za serikali kulipia utoaji mimba, na Barbara Lee wa California, Mdemokrati aliyekuwa peke yake katika Bunge zima kupinga azimio la vita la Septemba 2001. Huwezi kupata watu wawili waliotofautiana kuliko hao. Sheria ikapita mwaka uleule, ikaongezwa mwaka 2008, 2013 na 2018, bila kelele nyingi. Inahesabiwa kuokoa watu milioni 25. Wengine unawafahamu. Wengine wananisikiliza sasa hivi.

Mwaka 2023 mpango ule ukaingizwa kwenye ugomvi wa utoaji mimba, ugomvi uleule ambao Hyde na Lee waliuweka pembeni. Muda wake ukaisha Septemba bila kuongezwa, kisha Machi 2024 ukapewa mwaka mmoja tu. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Trump akasimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90. Ruhusa ya kuendelea kutoa dawa za kuokoa maisha ilitolewa siku chache baadaye, lakini wengi wa waliokuwa wakizipeleka dawa hizo walikuwa wamekwisha kuambiwa wabaki nyumbani.

Mwezi Machi mwaka ule nilikwenda kuzungumza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwafuatilia wagonjwa wanaokosa kufika kliniki ya CTC kuchukua dawa za kufubaza makali ya VVU. Posho yake ilikuwa imekatika tangu Januari. Tulikaa kwenye mkeka nje ya mlango wake, akaniuliza:

"Kaka, wewe ni mtu wa redio. Huyo Bush aliyetuletea hizi dawa, alikuwa chama gani?"

"Republican, dada."

"Na huyu aliyesimamisha?"

"Republican."

Alinyamaza kitambo. Kisha akavuta daftari lake kutoka chini ya mto, akalifungua magotini, akaanza kusoma kwa sauti ya chini majina ya watu watakaotakiwa kupigiwa simu kesho yake asubuhi, kwa salio lake mwenyewe.